Maneno ya Shule Hayaokotwi Njiani

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yatangazwapo, manung'uniko ya namna moja husikika katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Mzazi husema: mtoto wangu alisoma, alikesha na taa, madaftari yake yamejaa, tena si mtoro, basi limempata jambo gani? Mwalimu husema mtoto hakuzingatia. Mtoto mwenyewe hunyamaza. Katika ukimya huo mna jambo ambalo sisi wakubwa hatuliulizi: je, mtoto alilielewa swali lenyewe? Pengine jibu alilijua barabara, lakini neno moja lililosimama mwanzoni mwa swali likampotosha, akajibu jambo ambalo hakuulizwa.

Makala haya yahusu neno hilo moja, pamoja na jamaa zake. Hayo si majina ya mito wala tarehe za vita, ambayo kila mtu ajua kuwa hapana budi kuyakariri. Ni maneno yanayopita katika kila somo wala si mali ya somo lolote: linganisha, bainisha, fafanua, jadili, thibitisha, hoja, dhana, athari, sababu, ushahidi, wastani, ilhali, isipokuwa. Kwa kuwa si mali ya somo lolote, hapana mwalimu ajionaye kuwa na wajibu wa kuyafundisha. Mwalimu wa jiografia adhani yamefundishwa katika Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili ameshughulika na ngeli za majina. Mtoto apita katikati kama abiria aliyeachwa na mabasi mawili.

Wako watakaouliza, shida hiyo yatoka wapi, ikiwa baada ya mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara? Mtoto wa Tanga aliyekinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama, ati atafundishwa Kiswahili cha kusomea? Ndiyo, atafundishwa. Kiswahili cha sokoni, cha jikoni na cha kiwanja cha mpira ni Kiswahili safi wala hatukidharau. Lakini sokoni hapana mtu amwambiaye mwenziwe, "Bainisha tofauti iliyopo kati ya nyanya hizi na zile." Husema, "Hizi na zile vipi?" na muuzaji akaelewa, kwa maana nyanya zote ziko mbele ya macho yake. Katika kitabu nyanya hazipo. Yapo maneno matupu, nayo sharti yabebe mzigo wote peke yake. Kwa ajili hiyo mtoto wa Tanga na mtoto wa Usukumani, ambaye nyumbani kwao hukizungumza Kisukuma, wote wawili huanza karibu mahali pamoja katika jambo hili, ingawa katika mengine yule wa kwanza amemtangulia mwenziwe kwa mbali.

Tutazame maneno ya maswali kwanza. Taja ni kutoa jina tu. Eleza ni neno lililotokana na kuelea, kwa maana ya kuwa wazi akilini. Tusemapo "jambo hili limenielea" twataka kusema limenikaa sawasawa. Kwa hiyo aambiwaye aeleze hakuambiwa aseme maneno mengi. Ameambiwa alifanye jambo limwelee mwingine, ajue lilivyo na kwa nini. Jadili ni kuleta hoja za pande mbili na kuzipambanisha, kama ifanyikavyo katika baraza lenye wazee wa akili. Nalo linganisha latokana na kulingana, kuwa sawa au kuwa mkabala. Mtu alinganishaye hana budi kuviweka vitu viwili mizanini kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo watoto wengi waangukapo. Mpe mtoto swali hili: "Linganisha kilimo cha pamba na kilimo cha kahawa." Ataandika nusu ukurasa juu ya pamba, kwamba hulimwa Mwanza na Shinyanga, kwamba hutoa nyuzi na mbegu za mafuta. Kisha ataandika nusu ukurasa juu ya kahawa, kwamba hulimwa Kilimanjaro na Kagera. Yote aliyoyasema ni kweli, wala hapana hata neno moja la kulinganisha. Lau angalijua kazi ya neno lile, angaliandika kwamba pamba hupandwa upya kila mwaka na miti yake hung'olewa na kuteketezwa baada ya mavuno ili wadudu wasipate makao, ilhali mkahawa ukishakua hudumu shambani miaka mingi. Kwamba kwa sababu hiyo mkulima wa pamba aweza kuacha zao lake mwaka bei ikiwa mbaya, bali mkulima wa kahawa hawezi kung'oa mikahawa ya baba yake kwa hasira ya msimu mmoja. Ujuzi wa mtoto ni ule ule katika majibu yote mawili. Kilichobadilika ni kwamba katika jibu la pili ameufahamu wito wa swali.

Liko kundi la pili la maneno, nalo lina hila zaidi kwa sababu mtoto ayajua, au ajiona ayajua. Ni maneno ya kila siku yaliyovishwa nguo za shule. Neno dhana mtaani lakaribia kuwa shuku. Kumdhania mtu ni kumfikiria jambo ambalo huna hakika nalo. Shuleni dhana ni picha ya jambo akilini, fikra iliyokusanya mambo mengi chini ya jina moja. Neno athari mtaani ni dhara au kovu, lakini katika kitabu cha jiografia athari za mvua zaweza kuwa njema kabisa, na mtoto atafutaye mabaya tu ameacha nusu ya jibu.

Wafanyakazi wa bandarini na wavunao nguvu za mabega yao watanisamehe kwa mfano unaofuata. Katika sayansi, kazi hupimwa kwa kuzidisha nguvu iliyotumika na umbali ambao kitu kimesogea. Mtu aliyesimama saa nzima na gunia begani bila kuliinua wala kulishusha, sayansi yasema gunia lile halikufanyiwa kazi yoyote. Jasho lamtoka, shingo yamwuma, na kitabu chasema kazi ni sifuri! Mtoto wa mchukuzi asomapo maneno hayo bila kuambiwa kwamba hapa kazi ina maana yake maalumu, ama atakiona kitabu kuwa cha kipuuzi, ama atajiona yeye kuwa mpumbavu. Na mara nyingi, kwa bahati mbaya, huchagua hili la pili. Ndivyo ilivyo pia katika somo la nyenzo, ambapo jitihada si bidii ya mtu bali ni nguvu itumikayo upande mmoja wa wenzo, na egemeo ni pale wenzo ulipokalia. Baba awezaye kumwonyesha mwanawe mtaimbo uinuao jiwe, akamwambia hapa ni mzigo, hapa ni egemeo, hapa ni jitihada, amefanya kazi ya mwalimu wa sayansi kwa dakika tano.

Viunganishi navyo tusivisahau. Ni maneno madogo, lakini huigeuza sentensi kama usukani ugeuzavyo chombo. "Wote hawa ni wanyama wanyonyeshao watoto wao isipokuwa..." Mtoto aliyeliruka isipokuwa atachagua popo kwa furaha, kwa kuwa ajua popo hunyonyesha, naye atakosa alama kwa sababu ya ujuzi wake. Licha ya, ijapokuwa, hata hivyo, kwa kuwa, endapo: haya hayasikiki sana katika mazungumzo ya nyumbani, ambamo mkono, jicho na sauti hufanya kazi hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, nalo hupuuzwa mno. Kiswahili ni lugha ijengayo maneno yake waziwazi, kama fundi aachaye matofali yaonekane. Mwenye kuujua ujenzi huo hana haja ya kukariri kila neno peke yake.

Tuchukue hesabu. Watoto wetu hukutana na herufi KDS na KKS. Waulize kirefu chake, watakutajia kwa sauti moja: Kigawe Kidogo cha Shirika, Kigawo Kikubwa cha Shirika. Haya, kigawe ni nini na kigawo ni nini? Hapo sauti hufifia. Irabu moja tu yatenga maneno hayo mawili, na kwa kuwa mtoto hakuonyeshwa kwamba irabu hiyo ina kazi, huyaona kama pacha, akayachanganya mpaka siku ya mtihani. Kumbe kazi ya irabu hiyo aijua tangu utotoni pasipo kujua kuwa aijua. Mshindi ni yule ashindaye. Mshinde ni yule aliyeshindwa. Mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Irabu e mwishoni mwa majina ya namna hiyo yatuambia kwamba kitendo kimempata huyo au hicho. Basi kigawe ni kile kigawanywacho: 12 ni kigawe cha 3, kwa kuwa 12 yagawanyika kwa 3 bila kubaki kitu. Irabu o nayo mara nyingi hutaja chombo cha kutendea: kifuniko ni cha kufunikia, ufagio ni wa kufagilia, kipimo ni cha kupimia. Kigawo, basi, ni chombo cha kugawia: 3 ni kigawo cha 12. Na shirika ni neno lile lile la ushirika ambalo kila mwanachama wa chama cha ushirika alijua, yaani kitu cha wote. Kigawe cha shirika cha 4 na 6 ni namba ambayo wote wawili washiriki kuigawanya, na iliyo ndogo kuliko zote za aina hiyo ni 12. Kigawo kikubwa cha shirika cha 12 na 18 ni 6. Baada ya maelezo hayo mtoto hatasahau tena, maana hakupewa neno jipya. Ameonyeshwa neno lake mwenyewe.

Na si hayo tu. Kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Asikiaye mara ya kwanza hudhani mwalimu amejikwaa ulimi. Lakini funga ina fungua, ziba ina zibua, kunja ina kunjua. Nasi twajua kwamba hiyo u iliyopenyezwa hurudisha nyuma kilichotendwa. Kipeuo chakirudisha kipeo kilikotoka. Kipenyo cha duara ni mstari upenyao katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Usanisinuru, neno ambalo watoto huliogopa kwa urefu wake, mwishoni mwake mna nuru, nayo ndiyo mimea itumiayo kujitengenezea chakula. Sisemi kwamba istilahi zetu zote zimefanikiwa. Ziko zilizozaliwa na miguu mizito, nazo hazikutembea mbali ya kitabu zilimoandikwa. Lakini nyingi zina akili ndani yake, na ni hasara kumnyima mtoto akili hiyo akabaki na ganda.

Maneno haya hayakushuka na mvua. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha lugha na kusimamia vitabu vya shule. Mwaka 1964 kazi yake iliingizwa katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Na mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na mwaka 1990 Taasisi ikatoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Watu walikaa mezani wakabishana juu ya neno moja moja. Kamusi hizo zisipofika mikononi mwa watoto, mabishano yale yalikuwa ya bure. Tena mtoto afundishwe namna ya kuifungua kamusi. Mara nyingi kitenzi kilichonyambuliwa huwekwa chini ya shina lake, na atafutaye linganisha bila kujua habari za lingana aweza kufunga kitabu akidhani neno halimo.

Baada ya shule ya msingi huja mlima mwingine. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mjadala huo ungali hai, nami sitauingiza wote hapa. Nasema jambo moja tu: mtoto aliyekwisha kujua kulinganisha ni kufanya nini, akifika sekondari atahitaji kujifunza jina jipya la kitendo akijuacho. Yule asiyejua atajifunza jina geni la kitu kigeni, jambo ambalo ni shida maradufu.

Wenye Kiingereza chao wenyewe hawakuliacha jambo hili lijiendee. Mwaka 2000 mtaalamu mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma. Alikusanya maandishi ya masomo mbalimbali yapatayo maneno milioni tatu na nusu, akayaweka kando yale maneno 2,000 ya kawaida ambayo Michael West aliyaorodhesha mwaka 1953, kisha akatazama ni maneno gani yajirudiayo katika masomo yote. Ikaonekana kwamba koo hizo 570 zashika karibu sehemu moja ya kumi ya maneno yote yaliyomo katika maandishi ya kitaaluma. Hebu fikiri: wasomao kwa Kiingereza waandaliwa orodha ya Kiingereza cha kitaaluma, na sisi twadhani watoto wetu watakiokota Kiswahili cha shule njiani. Shule yoyote yenye walimu watano waweza kukaa mchana mmoja na vitabu vya darasa la tano, wakachagua maneno mia moja yajirudiayo katika masomo yote, wakagawana nani atafundisha lipi. Kazi hiyo haihitaji fedha.

Msomaji ambaye hana mtoto shuleni asidhani hayamhusu. Maneno ya shule hayabaki shuleni. Hutoka yakaingia katika mkataba wa kazi, katika katiba ya chama cha wafanyakazi, katika tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ofisi. Kusimamishwa kazi si kuachishwa kazi. Anayesimamishwa bado ni mwajiriwa, na shauri lake halijakatwa. Anayeachishwa amekwisha kutoka. Mtu asiyetofautisha hayo mawili aweza kukusanya vyombo vyake akaenda zake kijijini, ilhali alitakiwa afike mbele ya kikao ajitetee. Endapo ni sharti, si ahadi. Isipokuwa, lile lile lililomwangusha mtoto kwa popo, huketi mwishoni mwa kifungu cha mkataba na kuondoa nusu ya kile kilichotolewa mwanzoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mwajiriwa asiyeyaelewa maelezo ya ajira yake yaliyoandikwa amefafanuliwa kwa namna aielewayo. Haki hiyo ni nzuri, lakini huanza kwa mtu kutambua kwamba hakuelewa na kusema hivyo, na aliyezoea tangu darasani kuliruka neno gumu hulirukia na hapo pia, kisha akatia sahihi.

Na neno gumu hufundishwaje? Si kwa kuandika orodha ya maneno ishirini ubaoni na maana zake, watoto wakanakili, daftari likafungwa. Neno lililonakiliwa mara moja hulala humo humo daftarini. Sharti mtoto alikute mara nyingi, katika sentensi mbalimbali, alisikie, alitamke, alitumie kwa jambo lake mwenyewe, akosee nalo na kusahihishwa bila kuchekwa. Maneno matano kwa wiki yatosha. Mwalimu wa hesabu alitumie neno la wiki, na wa historia alitumie, na mwalimu mkuu alitumie asubuhi mstarini. Mtoto aulizwe, "Ni athari gani njema uliyoiona kijijini kwenu tangu barabara ijengwe?" Akijibu hilo, neno limekuwa lake.

Nyumbani nako hakuhitaji mzazi mwenye shahada. Gazeti likishasomwa, kabla halijafungiwa maandazi, mpe mtoto kalamu na ukurasa mmoja. Mwambie atafute kila penye ilhali, apigie mstari, kisha akueleze kwa maneno yake ni vitu gani viwili vimewekwa mkabala hapo. Kisha naye atunge sentensi moja ya kwake, juu ya ndugu zake au mpira au chakula cha jana. Akikosea, mwulize tena kesho. Wiki ijayo chukueni isipokuwa.